Ukanda wa Mwaka wa Tatu

Turubai la lori halikatwi na mtu mmoja. Jora likishafunguliwa sakafuni, mmoja hushika ncha hii na mwingine ile, wanavuta mpaka kitambaa kinyooke, ndipo kisu kipite. Kwa Fundi Sulaiti wa Malaba, mwanafunzi alishika ncha mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kugusa kitu kingine. Binti yangu Amoit alianza kushika ncha Januari ya mwaka 1974, akiwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikumpeleka popote.

Mimi ndiye niliyempeleka. Nilikuwa nafundisha sayansi kimu katika kituo kimoja cha akina mama mjini Busia, na nilikuwa nimeona wasichana wa kutosha wakikaa nyumbani kungoja barua za vyuo ambavyo havingewaita. Baba yake alikuwa amefariki. Kaka zake wawili walikuwa bado shuleni. Nilimuuliza anataka nini, akasema anataka kazi ya kitambaa, lakini si magauni. Nikamwambia basi twende kwa malori.

Karakana ya Sulaiti ilikuwa ya mabati, nyuma ya uwanja ambapo malori yalilala yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Alikuwa Mwislamu mfupi, mwenye mabega mapana, aliyetoka upande wa Mbale. Hakusema alikuja lini na hakuna aliyemuuliza. Malaba kila mtu ametoka upande fulani. Masharti yake yalikuwa mafupi. Miaka mitatu. Chakula cha mchana, na hela kidogo kila mwezi za sabuni na nauli. Mwaka wa kwanza kushika ncha, wa pili kushona kwa shazia, ile sindano nene, na kupiga pete za shaba za kupitishia kamba, wa tatu kupima na kukata. Mwisho wa mwaka wa tatu angekupa kisu chako mbele ya madereva na kusema kwamba wewe ni fundi. Neno hilo lilitosha. Mtu aliyepewa kisu na Sulaiti hakuulizwa cheti, kuanzia Malaba mpaka Eldoret.

Alikuwa na mwanafunzi mwingine, Zulaika, mjane wa Busia mjini, aliyemtangulia Amoit kwa miezi michache. Wale wanawake wawili walipatana. Kila alasiri, malori yakishapungua, Sulaiti aliwatandazia mabaki ya kitambaa, wakakata vipande vidogo na kuvishona, naye akafumua kila mshono uliolegea na kuwarudishia. Amoit alikuja nyumbani na vidole vilivyotoboka, anacheka. Alisema mzee hatukani, anafumua tu, na kufumua kwake kunauma kuliko tusi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Amoit aliniambia nami nikalidharau. Kila jora jipya lilipofika, Sulaiti alikata ukanda mwembamba wa urefu wa mkono mmoja, akaukunja, akautia mfukoni na kwenda nao kwake. Siku hiyo hakukata kitu kingine katika jora hilo. Kesho yake alirudi, ukanda haupo, akaanza kukata bila kusita. Amoit alipomuuliza, alijibu kwamba hiyo ni ya mwaka wa tatu.

Nilimwambia binti yangu hizo ni hirizi. Nilisema wazee wa kutoka ng'ambo wana mambo yao, yeye ashike kazi.

Katikati ya mwaka 1975 nilisoma gazetini kima kipya cha chini cha mshahara. Nilikisoma mara mbili, kisha nikafikiria hela za sabuni za Amoit. Hazikufika robo. Binti yangu alikuwa na mwaka na nusu pale, alikuwa anashona mishono iliyokwenda Kampala na kurudi, na alikuwa analipwa kama mtoto aliyetumwa dukani. Jumamosi ile nilipanda kwenda Malaba.

Sulaiti alinipa kigoda. Nilimweleza. Alisikiliza huku akichovya uzi kwenye nta.

"Mama Amoit," akasema, "mimi simlipi Amoit kwa kazi. Kazi bado hajaijua. Mimi namfundisha. Hiyo kidogo ni ya sabuni."

"Sheria haisemi sabuni. Inasema kima."

"Na hiyo sheria inajua kushona turubai?"

Zulaika aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Amoit hakucheka. Alinitazama kwa namna ambayo sikuitaka, nikaondoka.

Jumatatu nilikwenda kwa afisa wa kazi. Aliitwa Ojiambo, kijana wa Funyula, nadhifu, aliyeijua kazi yake. Aliniambia sheria ina mlango kwa wanafunzi wa ufundi: kama kuna mapatano ya maandishi, yaliyotiwa sahihi na fundi na mwanafunzi na mzazi, kisha yakasajiliwa, mwanafunzi anaweza kulipwa chini ya kima mpaka amalize kujifunza. Bila karatasi hiyo, anahesabiwa mfanyakazi kama mwingine yeyote. Alinipa fomu. Nilifurahi. Niliona jambo limekwisha, na kila mtu amelindwa.

Sulaiti aliisoma fomu ile yote, polepole, kidole kikifuata mistari. Alifika mahali pa kuandika namba ya kipande chake, yaani kitambulisho cha serikali. Kidole kikasimama. Akaikunja mara nne, akanirudishia.

"Nyabo," akasema, kama wanavyoita mwanamke upande wake, "hii karatasi sitaweka mkono."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema ana kazi nyingi. Nilimuuliza tena, akainuka kwenda kutazama pete ambazo hazikuhitaji kutazamwa.

Mtu mwingine angekaa na jambo hilo usiku mmoja. Mimi niliamua papo hapo kwamba mzee huyu anawanyonya wanawake wawili na anajificha nyuma ya neno ufundi. Niliandika barua ya kurasa mbili kwa ofisi ya kazi. Niliweka jina la Amoit, tarehe aliyoanza, saa za kuingia na kutoka. Najua kuandika barua.

Ojiambo alifika Malaba kabla ya mwezi kwisha. Hakumtesa mtu. Alimweleza Sulaiti kwamba ama asajili wanafunzi wake, ama awalipe kima, ama asiwe nao. Sulaiti hakubisha. Jioni hiyo alimwambia Zulaika asirudi. Mjane huyo alikuwa amebakiza wiki kumi aingie mwaka wa tatu. Amoit alibaki, kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa kwenye barua, na mzee aliogopa kwamba akimwondoa patatokea kesi.

Mwisho wa mwezi uliofuata Amoit aliweka mshahara wake wa kwanza kamili juu ya meza yangu. Nililipa karo ya kaka zake wote wawili siku ileile. Nilimuuliza mbona kimya. Akasema hakuna kitu.

Kitu kilikuwapo, na nilikijua baada ya wiki kadhaa, kwa kuvitazama vidole vyake. Vilikuwa vimepona. Havikuwa na tundu hata moja. Sasa Amoit alipiga pete tangu asubuhi mpaka jioni, pete mia moja, mia moja na ishirini, kwa sababu pete ndiyo kazi aliyoijua vizuri na iliyoingiza hela upesi. Kushona Sulaiti alishona mwenyewe. Kushika ncha alimwita mpagazi yeyote wa uwanjani, akampa shilingi mbili, akamrudisha kwenye mizigo. Mabaki ya kitambaa hayakutandazwa tena alasiri. Aliyauza kwa wauza viazi.

"Nenda uiondoe hiyo barua," Amoit aliniambia.

Nilikwenda. Ojiambo alinieleza kwa upole kwamba malalamiko yanaweza kuondolewa, lakini sheria inabaki palepale: fundi asiye na karatasi lazima alipe kima. Basi nikaenda kwa Sulaiti. Nilimwambia arudi kwenye mpango wa zamani, na mimi nitamrudishia mshahara wote kwa mkono, kila mwezi, bila mtu kujua. Alitazama mlangoni kwanza.

"Halafu utaandika barua nyingine," akasema.

 Akaendelea, bila hasira, kama mtu anayemweleza mteja kwa nini lori lake halitakuwa tayari.

"Zamani nilimlipa kidogo, nikampa alasiri yangu. Akikosea, kitambaa ni changu, nanyamaza. Sasa namlipa mshahara wa mtu mzima. Lazima kila siku atoke na kazi ya mtu mzima. Akikosea nimelipa mara mbili. Mimi si tajiri, mwalimu. Alasiri imekwisha."

"Na Januari? Januari anaingia mwaka wa tatu."

"Hapa hakuna tena miaka. Kuna mwezi tu."

Januari ilifika, ikapita. Amoit alipiga pete. Jora jipya lilipofika, alimwona mzee akikata ukanda wake na kuutia mfukoni. Alimfuata mpaka nje, akamwomba amwonyeshe, mara moja tu, hata siku ya Jumapili. Sulaiti alimwambia awe na subira, mambo yakitulia ataona. Nadhani alikusudia. Amoit bado anaamini alikusudia.

Mambo hayakutulia. Mwanzoni mwa mwaka huo maneno ya mpaka yalikuwa makali kwenye redio za pande zote mbili, na watu waliotoka ng'ambo wakaanza kuulizwa vipande barabarani. Asubuhi moja Amoit alikuta mlango wa karakana umefungwa kwa waya. Shazia hazikuwapo, nta haikuwapo, hata kigoda. Wengine walisema amevuka kurudi, wengine wakasema ameonekana Kisumu. Zulaika, ambaye sasa aliuza mandazi karibu na reli, ndiye aliyemweleza Amoit jambo ambalo mimi ningeweza kulijua kama ningeuliza kwa sauti ya chini: mzee hakuwahi kuwa na kipande cha Kenya. Ile fomu ingepeleka jina lake serikalini.

Nilisikitika, lakini sikukaa kitako. Malori yalikuwa bado yanahitaji turubai na Malaba haikuwa na fundi. Omagor, mtu wetu wa Amagoro mwenye malori mawili, alikuja kwangu kuuliza kama Amoit anaweza kukata. Alikuwa tayari kumlipa mshahara wa fundi, si wa kibarua, na kununua jora zima kwa kuanzia.

Amoit alimjibu ukweli. Alisema anajua kushona na kupiga pete, kukata ameona tu, na kuna jambo la ukanda hajaonyeshwa.

Mimi nilicheka. Nilicheka mbele ya Omagor. Nilisema mzee yule alipima kwa mikono kwa sababu hakuwa na chombo cha kupimia, na ukanda wake ulikuwa hirizi ya kubariki jora. Nilitoa futi ya chuma, ile ndefu inayojikunja, niliyoinunua Kisumu, nikamwekea binti yangu mkononi.

"Mama," akasema, "mzee hakuwa mtu wa hirizi."

"Pima lori. Pima jora. Ongeza pindo. Kata. Kitambaa ni kitambaa."

Alipima siku nzima. Mimi mwenyewe nilishika ncha, likizo ilikuwa imeanza. Alikata vizuri, na alishona kwa siku tisa. Alifumua mishono yake mwenyewe mara mbili, pale alipoona Sulaiti angefumua. Akapaka nta iliyoyeyushwa na mafuta ya taa. Siku walipolitandaza juu ya lori lilikaa kama kifuniko juu ya sufuria. Omagor alizunguka lori akilipigapiga kwa kiganja. Alimwita Amoit fundi mbele ya madereva wawili. Hakukuwa na kisu, lakini neno lilisemwa, na nilimwona binti yangu akilisikia.

Wiki ya pili ya Aprili lori lile lilipakia sukari Mumias. Lilipofika Butula mvua ilianza, mvua ya masika isiyokatika, ikalifuata mpaka karibu na Busia. Dereva alisema kwanza turubai lilikazana kama ngozi ya ngoma. Kisha pete zikaanza kung'oka, moja baada ya nyingine, kwa mlio wa risasi, na pembe ya nyuma ikapanda juu, ikabaki hapo. Waliposimama, sukari ilikuwa inachuruzika kati ya mbao. Watu wa sokoni walikuja na masufuria.

Omagor hakupiga kelele. Alikuja nyumbani na pindo lililochanika, akaliweka mezani kwangu, mahali palepale Amoit alipoweka mshahara wake wa kwanza.

"Limepungua karibu futi mbili, mwalimu," akasema. "Kitambaa hakikujaribiwa kwa maji."

Nilijua kabla hajamaliza. Somo la kwanza ninalofundisha kila muhula, kabla ya uzi, kabla ya sindano, ni kulowesha kitambaa cha marekani usiku mmoja, kwa sababu pamba ikinywa maji kwa mara ya kwanza inajivuta. Nimelisema mbele ya wanawake mia kadhaa. Juu ya turubai sikulifikiria. Nilidhani nta inatosha. Nta ilizuia maji yasipite upesi; haikuzuia kitambaa kunywa.

Omagor alisema hatadai kitu, kwa heshima ya marehemu mume wangu. Alisema pia kwamba hatamhitaji Amoit.

Malaba ni ndogo. Habari ilifika kabla ya lori. Mataniboi, wale wasaidizi wa madereva, walipomwona Amoit akipita uwanjani waliitana: nani ana mzigo mfupi, apelekewe kaptula ya Amoit. Baada ya muda kila turubai lililokuwa fupi, la mtu yeyote, liliitwa kaptula ya Amoit. Nilimwambia hao ni wajinga, watachoka. Hawakuchoka. Jina hilo lilikuwa zuri mno kwao.

Katika jora la Omagor kilikuwa kimebaki kipande. Amoit alikata ukanda wa mkono mmoja, akaupima kwa futi yangu, akauweka kwenye beseni usiku kucha. Asubuhi aliukamua, akauanika ukauka, akaupima tena. Nilikuwa natengeneza chai. Aliniita nitazame.

"Ilikuwa hii tu," akasema.

Nilisema basi sasa anajua, aende kwa wenye malori, awaeleze. Alinitazama kwa uchovu. Alinieleza kwamba jora hili limejivuta hivi kwa urefu na vile kwa upana, na jora lingine litajivuta vingine, ndiyo maana mzee alikata ukanda kila mara. Na ukanda ukikauka, kuna kiasi cha kuongeza na kiasi cha kuacha, kwa sababu ukiongeza kupita kiasi turubai linalegea na kupigwa na upepo. Kiasi hicho alikuwa nacho Sulaiti. Mtu akikosea mara tatu au nne angekipata mwenyewe. Lakini ni nani angempa majora manne ayakosee, kwa mshahara kamili?

Alikwenda hata hivyo. Alikwenda kwa watu watano. Alisema atafanya bila malipo mpaka ajue. Wawili walicheka. Wawili walisema hawataki shida na leba, watu wa ofisi ya kazi. Walisikia yule mama yake huandika barua. Wa tano, mzee mpole wa Adungosi, alimwuliza ni fundi gani aliyempa kisu.

Amoit aliacha kwenda Malaba. Alikaa nyumbani miezi mitatu. Zulaika alikuja mara moja kumtazama, akamletea mandazi, wakakaa nje kwenye jiwe la kufulia bila kusema mengi. Alipoondoka alinisalimia kwa adabu, "Kwaheri, mwalimu," na sikuweza kumtazama usoni. Yeye hakupata hata kima. Barua yangu ilimpa mandazi.

Mwezi wa Agosti Amoit alipata kazi katika godauni moja Busia. Anafagia, na anashona magunia yaliyopasuka kwenye upakuaji. Anatumia shazia. Mshono wa gunia ni mrefu, mpana, hautazamwi na mtu. Ukishika mpaka lori lifike, basi. Mwanzoni alishona kwa mishono ya Sulaiti, iliyobanana, mpaka msimamizi akamwambia anachelewesha kazi. Sasa anashona kama wengine.

Nilimuuliza kama pale kuna kitu cha kujifunza. Akasema hapana, mama, pale unalipwa.

Mwisho wa mwezi wa kwanza alirudi jioni, akavua viatu, akaniwekea karatasi ya mshahara mezani, kwa sababu alijua nitaitaka. Nilivaa miwani. Nililitoa lile gazeti la mwaka uliopita, nililolihifadhi kwenye kabati pamoja na vyeti, nikaliweka kando ya karatasi, nikapitisha kidole mstari kwa mstari, kama Sulaiti alivyosoma fomu.

Ilikuwa sawa. Hakuna senti iliyopungua. Nilimwambia hivyo, naye akaitika kutoka jikoni kwamba ni vizuri.